Kumwandaa mtoto kusoma kwa makofi, vizibo na mchezo wa kinyume

Kusoma Kiswahili kunaanzia sikioni. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 akishazisikia silabi ndani ya neno, herufi hazimpi tabu sana. Dakika 10 kwa siku zinatosha, hata mkiwa njiani kwenda dukani.

Anzeni na makofi, kofi moja kwa kila silabi: ba-ba, ki-ta-bu, ma-nda-zi. Wengi huteleza kwenye m. Mtoto ni makofi matatu, m-to-to, kwa sababu m yake inasimama peke yake. Mbuzi ni mawili tu, mbu-zi, na mbu yule anayeuma naye ni mawili, m-bu. Ukisitasita, livute neno kama unaliimba: m inayojitegemea utaisikia inakaa kidogo midomoni kabla ya silabi inayofuata. Asiyeizoea mapema huweza kuja kuandika "toto" akidhani amemaliza.

Kisha ingieni kinyume, ule mchezo wa kuleta silabi ya mwisho mbele. Wasimamishe watoto wawili, mmoja awe pa, mwingine ka. Wakitamka kwa zamu ni paka; wakibadilishana nafasi, kapa! Yanayonoga zaidi ni maneno yanayozaa maneno: lima huwa mali, kata huwa taka, siku huwa kusi. Kitabu, yaani bukita, kisubiri mpaka silabi mbili ziwe nyepesi.

Baada ya wiki mbili tatu leteni vizibo 12 vya plastiki vya chupa za maji. Vile vya bati vya soda vina kingo zinazokata. Andika kwa makapeni ma, ka, ta, pa, li, ku, kila silabi mara mbili, kwa herufi ndogo, na upige mstari chini yake ili kizibo kisisomwe kichwa chini. Humo mtoto ataunda mama, kuku, paka, kali, kuta, pata na mengine. Kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka 3, vihesabuni mkimaliza, maana vinaweza kumkaba.

Msimpe majina ya herufi, "be" na "a", ayaunganishe apate ba. Aliyekariri a, be, che, de atasoma "bea", na hana kosa. Mpeni ba nzima.

Akisema "lafiki", msimkatize. Itikieni tu, "Ehee, rafiki yako," mchezo uendelee.