Cantera: kagua nafasi za uso kwanza

Ukitumia Cantera, programu ya kukokotoa mimenyuko ya kemikali, kuiga gesi inayoungua juu ya platini na majibu yakatoka ya ajabu, usikimbilie kubadili nishati za uamsho (zinazohitajika ili mmenyuko uanze). Fungua faili uone mstari wa site-density, yaani msongamano wa nafasi ambazo chembe hunata kwenye uso. Kwenye ptcombust.yaml, faili ya platini inayokuja na Cantera, ni 2.7063e-9 mol/cm², sawa na 2.7063e-8 kmol/m². Ukiandika namba hiyo ya pili huku faili ikisoma mol/cm², msongamano unakuwa mara 10 ya halisi. Kasi ya mmenyuko wa chembe mbili zilizonata hutegemea mraba wake, kwa hiyo hupanda mara 100, ilhali kasi ya gesi kunata haibadiliki. Programu hailalamiki hata kidogo, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima.

Halafu, kabla ya kuunganisha uso na riakta, shikilia gesi ilivyo na uite advance_coverages, amri inayokokotoa chembe zinavyoufunika uso, ili uso utulie. Ukianza na uso mtupu, kikokotozi huhangaika kwa hatua ndogo mno.

Uwezekano wa chembe kunata (s) unaokaribia 1 una sahihisho liitwalo Motz-Wise: kasi hugawanywa kwa 1 − s/2, yaani s ikiwa 1 inakuwa maradufu. Liwashe tu ikiwa waliotunga mfumo wa mimenyuko unaoutumia walilitumia.