Upo kwenye testosteroni na chuchu zimeanza kuuma? Namna ya kushughulika na estrojeni, hatua kwa hatua

Wanaume wengi wakishaanza sindano za testosteroni wanarudi kwangu na ombi lile lile, dokta niandikie ile dawa ya kushusha estrojeni. Hajapima, haumwi popote, kasikia tu gym kwamba ukichoma testosteroni lazima uwe na vidonge vya anastrozoli pembeni, la sivyo utaota matiti. Mimi huwa namwambia ngoja kwanza mkuu. Wengi wao kile kidonge hawatakihitaji kabisa, shida inaisha kwa kugusa dozi na ratiba ya sindano tu basi. Hapa chini ndo utaratibu ninaoufuata, na uende nao kwa mpangilio huo huo, usiruke ukaanzia hatua ya mwisho kwa sababu ndo yenye dawa.

Naongea na mtu aliyepimwa asubuhi, si chini ya mara mbili, testosteroni ikakutwa iko chini kweli na dalili anazo, akaanzishiwa tiba na daktari. Kama wewe unajichoma miligramu 500 kwa wiki ili kifua kijae, huo ni mchezo mwingine, hesabu za hapa hazikuhusu.

Hatua ya 1: Acha kuiona estrojeni kama adui

Testosteroni ikiingia mwilini, sehemu yake inageuzwa kuwa estradioli, ndo hiyo estrojeni yenyewe tunayoizungumzia. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kinaitwa aromatesi, kipo kwa wingi kwenye mafuta ya mwili ila kipo pia kwenye mifupa, ubongo na korodani. Hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti jamaa wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuwa unaisikia estrojeni hata kidogo kwa sababu ya kasoro kwenye jeni, testosteroni yake ya kawaida tu, lakini alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, mifupa haijafunga na imekonda kama ya mzee. Alafu mwaka 2013 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General kule Boston wakachapisha utafiti wao, walizima homoni za wanaume waliojitolea, wakawarudishia testosteroni kwa viwango tofauti, na kundi moja wakaliongezea anastrozoli ili estrojeni isitengenezwe. Wale waliokoseshwa estrojeni wakaongezeka mafuta na hamu ya tendo ikashuka, na testosteroni walikuwa nayo! Kwa hiyo mtu anayeishusha estrojeni mpaka chini anajiharibia kile kile alichokifuata kwenye sindano.

Hatua ya 2: Jikague kwa mkono

Dalili za estrojeni kupanda ni chuchu kuwasha au kuuma zikiguswa na shati, nyama kujikusanya chini ya chuchu, miguu kuvimba, hisia kupanda na kushuka. Tatizo ni kwamba estrojeni ikiwa chini sana nayo inaleta hamu kupotea, usimamaji kulegea, uchovu, na juu yake maungio yanauma, magoti na vidole vinakuwa kama vimekaushwa. Yaani hamu ikipotea peke yake haikuambii kitu, inaweza kuwa huku au kule.

Kwa matiti fanya hivi. Lala chali, mkono wa upande unaoukagua uweke nyuma ya kichwa. Kwa mkono mwingine tumia kidole gumba na cha shahada, anzia pembeni mwa titi, bana taratibu ukisogea kuelekea kwenye chuchu. Kama ni mafuta tu, vidole vinaendelea kukutana laini laini mpaka vinafika kwenye chuchu bila kugonga kitu. Kama ni tezi, ukifika chini ya ule weusi wa chuchu unakuta kitu cha duara, kigumu kidogo cha mpira mpira, kinachezacheza, na mara nyingi kinauma. Hicho cha pili ndo tunachokitafuta. Kitambi kikiwepo matiti ya mafuta yanakuwepo, na hayo hayaondoki kwa dawa ya homoni, watu wanapoteza hela bure hapo.

Uvimbe ukiwa upande mmoja tu, mgumu kama jiwe, umekaa pembeni na siyo katikati chini ya chuchu, au chuchu inatoa damu, achana na mwongozo huu nenda hospitali wiki hiyo hiyo, saratani ya matiti wanaume nao wanaipata. Ikitoa maziwa upimwe na prolaktini, ile homoni ya maziwa.

Kwa miguu, bonyeza kidole gumba kwenye ugoko kwa sekunde kadhaa uachie, ukiona shimo limebaki, mwili unashika maji, pima na presha siku hiyo hiyo. Miguu kuvimba inaweza ikatoka pia kwenye moyo, figo au ini, usiitupie estrojeni kila kitu.

Hatua ya 3: Pima, na upime siku inayoeleweka

Hapa ndo watu wengi wanachemka. Mtu anachomwa Jumatatu, Jumanne yuko maabara, anapata namba za juu sana anaingiwa na hofu. Sindano za enanthate (ile testosteroni ya kuchomwa kila wiki moja au mbili) zinapanda siku za mwanzo alafu zinashuka, nusu yake inaondoka kwa kama siku 4 na nusu, kwa hiyo siku uliyopima inabadilisha jibu lote. Mimi napenda damu itolewe katikati ya sindano mbili, wengine wanatoa asubuhi kabla ya sindano inayofuata, zote sawa ilimradi uchague moja ukae nayo, leo na miezi mitatu ijayo siku iwe ile ile. Nebido, ile sindano ya testosteroni ya miligramu 1000 inayokaa wiki 10 mpaka 14, pima mwisho, kabla tu ya kuchomwa nyingine. Testosteroni ya jeli pima masaa 2 mpaka 8 baada ya kupaka, ukiwa umeshaitumia walau wiki nzima.

Omba hivi: testosteroni, estradioli, picha kamili ya damu (tunataka hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu), na SHBG, protini inayobeba testosteroni kwenye damu, kama hela inaruhusu. Vipimo vya estradioli vya kawaida vilitengenezwa kwa ajili ya wanawake ambao viwango vyao viko juu, kwa kiwango cha mwanaume vinakosea, na kukosea kwenyewe mara nyingi ni kusoma juu. Maabara ikiwa na kile cha masi spektrometria, ambacho ni sahihi zaidi, chukua hicho. Isipokuwa nacho pima hicho kilichopo ila namba usiisujudie.

Na kama unakula vile vidonge vya nywele na kucha, vina biotini kwa wingi, viache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu. Biotini inavuruga mashine za maabara nyingi, testosteroni na estradioli zote zinaweza kusomeka juu kuliko zilivyo.

Hatua ya 4: Soma karatasi, anza na vizio (zile herufi zinazofuata namba)

Jamaa mmoja alinitumia picha ya majibu WhatsApp, estradioli 165, kashapaniki, kasoma mtandaoni kwamba mwanaume asizidi 40. Angalia pembeni ya namba pale: imeandikwa pmol/L. Ile 40 aliyoisoma ni pg/ml. Ukitaka kutoa huku kwenda kule gawa kwa 3.67, 165 inakuwa 45. Imezidi kidogo tu. Testosteroni yake ilikuwa 32 nmol/L, hiyo zidisha kwa 28.8 unapata kama 920 ng/dl, ipo juu huko. Sasa hapo shida siyo estrojeni, estrojeni imeifuata testosteroni tu ilikoenda. Na jamaa hakuwa na dalili yoyote, chuchu salama, miguu salama. Hatukumpa kidonge.

Kanuni yangu ni rahisi, namba bila dalili haitibiwi, dalili bila namba inatafutiwa sababu nyingine kwanza. Vikikutana vyote viwili endelea hatua ya 5.

Hatua ya 5: Gusa dozi na ratiba

Hii ndo yenye kazi kubwa. Lengo la tiba ni testosteroni ikae katikati ya kiwango cha kawaida, siyo juu kwenye dari. Kama iko juu, punguza dozi kama asilimia 20 hivi, mfano kutoka miligramu 125 kwa wiki kuja 100.

Dozi ikiwa sawa lakini unachomwa mara moja kila wiki mbili, gawanya. Miligramu 200 za mkupuo mmoja zinakupa mlima siku za mwanzo na bonde siku za mwisho, na kwenye ule mlima ndo testosteroni nyingi inageuzwa estrojeni. 100 kila wiki ni bora, 50 mara mbili kwa wiki ni laini zaidi. Ampuli yenye miligramu 250 kwa mililita 1, miligramu 100 ni 0.4 ml na 50 ni 0.2 ml, kwa hiyo chukua bomba dogo la 1 ml lenye mistari inayosomeka. Ampuli ikishavunjwa ni ya kutumia mara moja, kinachobaki kinamwagwa. Najua inauma ukikumbuka bei yake, lakini usiivutie kwenye mabomba matatu ukaweka kabatini, jipu la takoni ni ghali kuliko ampuli. Ukipata kichupa cha dozi nyingi ndo kinafaa kwa ratiba hii. Kwa wenye mzio wa karanga, sindano ya testosteroni inayoitwa Sustanon ina mafuta ya karanga, mwambie anayekuchoma.

Ukishabadilisha, kaa wiki 4 mpaka 6 bila kugusa kitu kingine ndo upime tena. Ukibadilisha dozi, ratiba na kuongeza kidonge wiki moja hutajua kipi kimefanya kazi. Hematokriti ikizidi asilimia 54 hapo sindano zinasimama kwanza, estrojeni itasubiri.

Hatua ya 6: Kinachopandisha kingine ni nini?

Kitambi kwanza. Mafuta mengi, aromatesi nyingi, ndo maana watu wawili wanachoma dozi moja mmoja analalamika mwingine hana habari. Pombe ya kila siku pamoja na ini lililochoka ni ya pili. Alafu orodhesha dawa zako zote: spironolaktoni ya moyo na presha, ketokonazoli ya vidonge ya fangasi, simetidini ya tumbo, hizi zinaleta matiti zenyewe bila msaada wa sindano. Efavirenzi ya VVU pia, wengi wameshahamishiwa dolutegraviri lakini titi lililoota enzi zile linaweza kuwa bado lipo, na mtu anailaumu testosteroni. Usiache dawa yoyote ya hizo mwenyewe, nenda kwa aliyekuandikia. Kwa wale wanaotumia hCG (sindano ya homoni inayoamsha korodani) kwa sababu bado wanataka watoto (sindano za testosteroni zinazima mbegu, natumaini uliambiwa), hCG inaamsha korodani zitengeneze na estrojeni, hapo dozi ya hCG ndo ya kuangaliwa.

Zinki na unga wa brokoli wanaouza mtandaoni eti vinashusha estrojeni, weka hela mfukoni.

Hatua ya 7: Kidonge, kama bado kuna haja

Anastrozoli ni dawa ya saratani ya matiti ya wanawake waliokoma hedhi, kwa kazi hii inatumika nje ya kibali chake na lazima daktari awe anakufuatilia. Wanaoitumia huanza na nusu ya kidonge cha miligramu 1, mara moja au mbili kwa wiki. Inakaa mwilini karibu siku mbili kabla ya kushuka nusu, hakuna sababu ya kuimeza kila siku. Pima baada ya wiki 3 au 4. Maungio yakianza kuuma au hamu ikikatika, acha, umeshusha mno. Na isiwe ya kudumu, wazee waliopewa miligramu 1 kila siku kwa mwaka mmoja mifupa yao ya mgongo ilipungua uzito. Letrozoli, ndugu yake anastrozoli, usiiguse, ni kali mno kwa kazi hii.

Kama tezi imeshaota na inauma, anastrozoli mara nyingi haiiondoi, tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, ndo inasaidia zaidi, ila ni ya daktari maana inaongeza uwezekano wa damu kuganda na testosteroni nayo inafanya damu iwe nzito. Inafaa ikianzwa mapema, ndani ya miezi ya mwanzo wakati bado pana maumivu. Tezi ikishapita mwaka mmoja inakuwa kovu, haiumi tena lakini haiyeyuki kwa kidonge chochote, hiyo ni ya daktari wa upasuaji.