Jinsi ya kuomba diski mbadala ya seva na kuijenga RAID upya

Diski moja ikifa ndani ya RAID 5, yaani mpangilio wa diski tatu au zaidi zinazofanya kazi kama moja, seva huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikifa ya pili, data yote imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, chukua bekapu, iweke nje ya seva hiyo, na ufungue faili mbili tatu uhakikishe zinasomeka.

Sasa itambue diski. Kwenye Linux andika cat /proc/mdstat. Kila U ni diski inayofanya kazi, basi ukiona [UU_] mahali pa [UUU], kuna moja iliyoanguka. Amri smartctl -a /dev/sdc itakupa nambari yake ya utambulisho (serial number), ileile iliyo kwenye lebo baada ya herufi S/N. Diski isipojibu, soma nambari za zile nzima, yaani zinazofanya kazi. Itakayobaki ndiyo mbovu. Jina sdc usilitegemee, maana linaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Anayechomoa kwa kufuata jina peke yake anaweza kutoa diski nzima.

Maombi yanategemea ulikonunua. Diski iliyokuja ndani ya seva ya Dell au HPE hufuata dhamana ya seva, basi tuma nambari ya seva yenyewe. Kama ulinunua diski peke yake, Seagate na Western Digital wana ukurasa wa kukagua dhamana kwa S/N. Ambatanisha risiti na matokeo ya smartctl. Ukinunua Luthuli Avenue, Nairobi, mwambie muuzaji aandike S/N kwenye risiti siku hiyohiyo. Risiti iliyoandikwa “hard disk 1” tu ni mwanzo wa mabishano.

Ikiwa diski ina rekodi za wateja au wagonjwa, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Uliza kabla ya kuirudisha kama mkataba wako unakuruhusu kubaki nayo. Mimi ningelipia huduma hiyo bila kusita.

Mbadala iwe na ukubwa uleule au zaidi. Epuka za SMR, zinazoandika data kwa mistari inayopandana: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilitumia teknolojia hiyo, ambayo huifanya kazi ya kujenga upya kujikokota.

Kisha iondoe diski mbovu kwa mdadm, programu ya kusimamia RAID kwenye Linux (hapa RAID yenyewe inaitwa md0):

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1
mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdc1

Badilisha diski, hakikisha jina lake jipya kwa lsblk, halafu:

sfdisk -d /dev/sda | sfdisk /dev/sdc
mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1

Mstari wa sfdisk hunakili mgawanyo wa diski, na diski nzima hutangulia. Ukigeuza, umeharibu mgawanyo wa diski iliyokuwa imebaki salama.

Terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde ni karibu saa saba na nusu, tena seva ikiwa haina kazi nyingine. Anza Ijumaa jioni, seva ikiwa kwenye UPS, kwa sababu stima za Nairobi unazijua. Ikionekana [UUU], na diski hiyo ikiwa ya kuwashia seva, endesha grub-install /dev/sdc kabla ya kurudisha ile mbovu.