Namna ya Kuendesha Baiskeli Ndani ya Nyumba Kwenye Njia za Pwani Zenye Jua: Hatua kwa Hatua

Bahari ndiyo inayomvuta mtu kuchagua njia ya pwani, lakini kinachoamua kama ataifurahia safari hiyo akiwa chumbani juu ya baiskeli isiyosogea, barabara ikipita kwenye skrini mbele yake, ni mambo ambayo picha ya tangazo haiyaonyeshi: umbo la miinuko, upande ambao bahari inakaa, na hewa inayoufikia mwili wake chumbani. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia ninapomwandalia mtu safari yake ya kwanza ya aina hii, kuanzia kuunganisha vifaa hadi kutengeneza njia yake mwenyewe kutoka kwenye ramani.

Hatua ya 1: Unganisha trena

Trena mahiri ni ile mashine inayoshikilia baiskeli kwa nyuma na kubadilisha ugumu wa kukanyaga kulingana na mwinuko ulio kwenye skrini. Iweke mahali palipo sawa, ichomeke kwenye umeme, kisha fungua programu ya kuendeshea baiskeli kwenye simu au kompyuta na uitafute kwenye orodha ya vifaa. Kwa njia ya Bluetooth, trena nyingi hukubali kushikwa na kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo simu uliyoitumia jana inaweza kuinyakua bila wewe kujua na kuiacha kompyuta ikitafuta pasipo kupata. Zima Bluetooth ya simu kwanza, au tumia ANT+, njia nyingine ya kuunganisha vifaa bila waya, ambayo hurusha data kwa vifaa kadhaa kwa pamoja.

Hakikisha umeunganisha nguvu na udhibiti, vyote viwili. Nguvu ni wati unazozalisha. Udhibiti ndio unaoiruhusu programu kukaza au kulegeza trena. Aliyeunganisha nguvu peke yake atapanda mlima mzima akihisi yuko tambarare. Kama trena yako ni ya aina inayohitaji kupimwa mara kwa mara ili isome wati kwa usahihi, ikanyage kwa dakika 10 hivi ipate joto, ndipo uipime.

Hatua ya 2: Amua kati ya ulimwengu wa kuchorwa na video halisi

Programu kama Zwift hukuweka ndani ya mazingira yaliyochorwa. Watopia, kisiwa chake cha kubuni, kina fukwe, volkano na hata barabara inayopita ndani ya bomba la kioo chini ya bahari. Rouvy na Kinomap, kwa upande mwingine, hukuonyesha video ya barabara yenyewe, ikisogea kwa kadiri unavyokanyaga. Kwa anayetaka kuijua pwani fulani, nashauri video bila kusita, kwa sababu rangi ya maji, ukuta wa mawe na kivuli cha misonobari havifanani kutoka pwani moja hadi nyingine, na mchoro haujafikia hapo.

Ila video ina hesabu yake. Tuseme ilipigwa kutoka kwenye gari lililokwenda kilomita 30 kwa saa, nawe unapanda kwa kilomita 10 kwa saa: itabidi ichezwe kwa theluthi ya kasi yake. Ikiwa ilirekodiwa kwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, jicho lako litapata fremu mpya 10 tu kila sekunde, na mawimbi yataonekana yakisogea kwa kushtukashtuka. Iliyorekodiwa kwa fremu 60 itakupa 20, ambazo zinavumilika zaidi. Kwa hiyo kwenye njia zenye milima, tafuta video zilizopigwa na mwendesha baiskeli badala ya gari, au zilizorekodiwa kwa fremu nyingi.

Hatua ya 3: Chagua njia kwa umbo lake

Kabla ya kuangalia picha, fungua mchoro wa miinuko. Pwani ya Liguria nchini Italia inamfaa sana anayeanza, kwa kuwa vilima vyake vimepata umaarufu bila kuwa vikali: Cipressa ina urefu wa kilomita 5.6 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 4 hivi, yaani kupanda mita 4 kwa kila mita 100, na Poggio ina kilomita 3.7 kwa wastani usiofika asilimia 4. Vyote viwili vimo katika mashindano ya Milan–San Remo, Poggio tangu 1960 na Cipressa tangu 1982. Ukivipanda kwa utulivu utapata muda wa kutazama nyumba za vioo za wakulima wa maua na bahari iliyo chini yake.

Chapman's Peak Drive, kati ya Hout Bay na Noordhoek nchini Afrika Kusini, ni ya tabia nyingine kabisa. Ina kilomita 9 tu, lakini ndani yake mna kona 114, na ilichongwa kwenye ukuta wa mlima hadi kukamilika mwaka 1922. Miinuko yake hubadilika kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo utakuwa unabadilisha gia mara nyingi.

Kisha kuna Sa Calobra katika kisiwa cha Mallorca, ambayo siwezi kuipita haraka. Mhandisi Antonio Parietti aliijenga kwa kuilaza barabara juu ya mlima ili ipande polepole, na sehemu moja inapanda, inajizungusha na kupita juu yake yenyewe, mfano wa tai inavyofungwa shingoni. Kutoka baharini hadi juu ni takriban kilomita 9.5 kwa wastani wa asilimia 7. Barabara hiyo huishia majini, hivyo anayeiendea kwa baiskeli halisi hulazimika kuishuka kwanza kabla ya kuipanda. Ndani ya programu unaweza kuanzia chini moja kwa moja, miguu ikiwa bado mibichi. Iache hadi uwe umezoea kukanyaga kwa saa nzima mfululizo.

Hatua ya 4: Angalia upande wa bahari

Hili ni jambo dogo linalobadilisha kila kitu, na ni wachache wanaolifikiria. Pwani moja huonekana tofauti kabisa kulingana na uelekeo wako, kwa sababu kamera hukaa kwenye upande wa barabara unaoruhusiwa kisheria katika nchi hiyo. Ukiwa upande wa bahari, hakuna kitu kati yako na maji isipokuwa ukingo. Ukiwa upande wa pili, kuna upana wa barabara, magari yanayokuja, na mara nyingi kizuizi cha chuma cha kando ya barabara kinachokatisha picha.

Kanuni ni rahisi. Mahali wanapoendesha kulia, chagua uelekeo unaoiweka bahari mkono wa kulia. Wanapoendesha kushoto, iwe kushoto. Kwenye Highway 1 ya California, bahari iko magharibi nao huendesha kulia, kwa hiyo nenda kusini. Kwenye pwani ya Amalfi, bahari iko kusini, basi toka Positano ukielekea Vietri sul Mare, si kinyume chake. Great Ocean Road ya Australia, iliyojengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, iendee kutoka Torquay kuelekea magharibi. Na Chapman's Peak ianzie Noordhoek, ambao pia ndio uelekeo wa mashindano ya Cape Town Cycle Tour.

Hatua ya 5: Panga gia na kiwango cha ugumu

Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 83, naye anatoa wati 200. Kwenye mwinuko wa asilimia 7 atakwenda kwa takriban kilomita 11 kwa saa, na Sa Calobra itamchukua zaidi kidogo ya dakika 50. Akiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, kasi hiyo inamtaka azungushe pedali mara 72 hivi kwa dakika, jambo ambalo magoti hulikubali. Akiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, mizunguko hiyo inashuka hadi 56, na kuikokota baiskeli hivyo kwa karibu saa nzima ni kuyatafutia magoti maumivu.

Dawa yake imo kwenye mipangilio. Programu nyingi zina kipimo kinachopunguza mwinuko unaouhisi. Kwenye Zwift huanzia nusu, yaani mlima wa asilimia 8 huhisiwa kama wa 4. Kupunguza kipimo hicho hakukupi kasi ya bure, kwa maana wati zinazohitajika kwa kasi ileile hazibadiliki. Kinachobadilika ni gia unayohitaji tu. Kipunguze bila aibu.

Hatua ya 6: Leta upepo

Barabarani, mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa hupigwa na hewa ya mita 8 kwa sekunde, mbali na upepo wa baharini. Chumbani hapati chochote. Misuli hugeuza robo ya nishati, au chini ya hapo, kuwa mwendo, na iliyobaki huwa joto. Mwenye kutoa wati 200 anazalisha joto la wati 600 au zaidi. Weka feni kubwa mbele yako, ielekee kifuani, na iwashe kabla hujaanza kutoka jasho. Tandika taulo juu ya usukani, kwa sababu chumvi ya jasho hula chuma na nyaya. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Tengeneza njia yako mwenyewe

Ukishazizoea njia za wengine utatamani barabara ambayo haimo kwenye orodha. Kinomap humruhusu mtumiaji kupakia video yake, na baadhi ya kompyuta ndogo za baiskeli zinaweza kuiongoza trena kwa faili la GPX, yaani faili lenye mstari wa njia na urefu wa ardhi yake, hata bila picha. Chora njia kwenye ramani, hamisha faili, kisha ukague miinuko kabla ya kukanyaga hata mita moja. Kwa njia za pwani ukaguzi huu hauepukiki, na sababu yake ni hii.

Ramani nyingi za mtandaoni huchukua urefu wa ardhi kutoka kwenye data zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000. Data hizo zimegawanywa katika miraba ya takriban mita 30 kwa 30. Barabara iliyochongwa kwenye genge ina upana wa mita chache tu, hivyo mraba mmoja unaweza kubeba maji, barabara na kilele kwa pamoja. Mstari wako ukipotoka kwa mita 10, urefu unaruka ghafla, na trena inakaza kama umegonga ukuta.

Mahandaki na madaraja ni mabaya zaidi. Rada haikuona ndani ya handaki, kwa hiyo faili litakupandisha juu ya mlima uliopaswa kupita chini yake. Kwenye daraja la Bixby Creek la mwaka 1932, kule California, faili lisilorekebishwa linaweza kukushusha bondeni na kukupandisha tena, ilhali barabara inapita juu.

Rekebisha hivi. Tafuta kila handaki na kila daraja kwenye ramani, chukua urefu wa ncha zote mbili, na uunganishe kwa mstari ulionyooka. Kisha lainisha njia iliyobaki kwa wastani wa kila mita 100 hadi 200. Mwisho, tafuta mwinuko mkali kuliko yote: ukikuta asilimia 25 kwenye barabara pana ya lami inayopitwa na mabasi, hiyo ni data mbovu. Kama unaweza kupata faili lililorekodiwa na kifaa chenye kipimo cha shinikizo la hewa, lichukue hilo badala yake, kwa sababu lilipima urefu barabarani penyewe. Baada ya hapo endesha kilomita 2 za kwanza taratibu huku ukilinganisha namba ya mwinuko kwenye skrini na unachokihisi miguuni. Mruko wowote unaozidi asilimia 5 ndani ya mita chache, uandike umbali wake na urudi kuulainisha kabla ya safari kamili.