Kuchora ziwa ukiwa ndani ya boti

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika mabango ya maduka hapa Kisumu. Jumapili alfajiri niko ufuko wa Dunga, natafuta boti nikachore Ziwa Victoria kwa rangi za mafuta. Ujanja huu si wangu. Mwaka 1857 Mfaransa Charles-François Daubigny aligeuza boti kuwa karakana, akaiita Botin, akawa anachora mito ya Oise na Seine akiwa juu ya maji, mwanawe Karl akimsaidia. Ukisimama ufukoni, ziwa ni kama uwanja tu. Ukikaa chini botini, mafunjo yanarefuka na kila kitu kinajiona majini.

Anza na ubao. Kata plaiwudi nyembamba, upana karibu mara mbili ya kimo, kama zilivyo picha nyingi za mto za Daubigny. Ipige msasa, paka undakoti, yaani rangi ya kutangulia, ikikauka ipanguse kwa rangi ya udongo iliyolegezwa na tapentaini. Ubao mweupe kwenye jua letu utakuumiza macho, na kila rangi utaikosea.

Beba nyeupe nyingi, njano ya udongo, bluu, nyekundu na nyeusi. Kijani cha dukani kiache nyumbani. Nyeusi kidogo ndani ya njano inatoa mafunjo yenyewe. Na ushukuru mirija ya bati, iliyobuniwa na John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla yake wachoraji walibeba rangi kwenye vibofu vya nguruwe.

Sasa jambo ambalo Daubigny hatakufundisha. Jioni za kiangazi kule Ufaransa zinajikokota. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima na mwanga haukungoji. Kwa hiyo changanya rangi boti ikiwa bado imefungwa. Tengeneza mafungu matano: anga, maji ya mbali, maji ya karibu, mafunjo, gugu maji. Chota rangi kwa ncha ya kisu, nyoosha mkono mpaka kisu kikae juu ya kitu chenyewe, fumba jicho moja. Rangi ikipotea ndani ya kitu, umeipata. Ikionekana, rudia.

Stendi ya miguu mitatu haina kazi hapa. Kaa sakafuni, egemeza ubao kwenye kreti ya soda, ufunge kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu. Siku moja mimi sikuufunga. Upepo uliunyakua ukalala kifudifudi kwenye gugu maji, na ile picha ikapata majani ya kweli.

Chora vivuli vya majini kwa mikwaruzo ya kwenda chini, kisha pitisha brashi kavu mara moja kwa mlalo. Kitu cheusi majini huwa hafifu kidogo, cheupe huwa na giza kidogo. Boti za omena zikirudi zitakutikisa. Inua brashi, subiri.

Mzee mwenye boti aliniambia, "Chora, kijana wangu, lakini saa sita tuko nchi kavu." Mtii. Alasiri upepo wa ziwani hauna mzaha. Wahakiki walimlaumu Daubigny kwamba anaacha picha nusu, nami nadhani zile nusu ndizo bora.

Kurudi, funika picha kwa ubao mwingine, vizibo vya soda vikiwa katikati kwenye pembe nne, kaza kwa blada. Kwenye bodaboda ibebe kwa ukingo. Bapa lake likikamata upepo, mtaanguka wote wawili.