Namna ya kumchagulia mtoto kitabu cha hadithi kinachomtosha

Wazazi wa hapa Moshi huniuliza sana: "Mwalimu, mwanangu yuko darasa la pili, nimnunulie kitabu gani?" Darasa peke yake halinisaidii kujibu. Kwenye darasa la pili hilohilo utamkuta mtoto anayesoma gazeti la baba yake, na jirani yake kwenye dawati bado anahangaika na "nya" na "ng'a". Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, anza na mtoto mwenyewe.

Hatua ya 1: Msikilize akisoma

Tafuta kitabu cha hadithi ambacho hajawahi kukisoma. Cha shuleni hakifai, maana wengi wameshakikariri kwa kuwasikia wenzao wakikiimba darasani. Utaona anasoma huku anakutazama wewe usoni. Fungua ukurasa wa katikati, kwa kuwa kurasa za mwanzo mara nyingi ni nyepesi. Akikwama usimrukie. Hesabu hadi tano kimoyomoyo, ndipo umsaidie.

Hatua ya 2: Hesabu anapokwama

Walimu wengi wanaijua kanuni ya vidole vitano: kila neno linalomshinda, kunja kidole, vikiisha vyote kabla ya ukurasa kuisha, kitabu ni kizito. Inafaa ukurasa uliojaa maandishi. Vitabu vya wanaoanza huwa na maneno machache, tuseme 15 au 20 kwa ukurasa, na mtoto akikwama matano hapo hajasoma kitu.

Mimi napima hivi: katika kila maneno 20, asipokwama au akikwama mara moja tu, atakisoma mwenyewe. Mara mbili, kisomeni pamoja. Ikizidi hapo, msomee wewe, yeye asikilize.

Hatua ya 3: Funga kitabu, muulize

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika irabu tano na silabi zake, anaweza kuutamka ukurasa mzima bila kuelewa kinachoendelea. Mzazi akisikia ile kasi anafurahi, anamnunulia kitabu kikubwa zaidi, halafu anashangaa kwa nini kinakaa kabatini.

Binti mmoja wa darasa la tatu alinisomea: "Fisi alipomwona sungura, alimnyang'anya karanga zake, akakimbia." Hakukwama popote. Nikafunga kitabu.

"Haya mwanangu, karanga anazo nani sasa?"

"Sungura."

"Na aliyekimbia ni nani?"

"Sungura, mwalimu. Anamkimbia fisi."

Matamshi yalikuwa safi kabisa. Kilichompita ni zile herufi ndogo ndani ya "alimnyang'anya", ile "a" na ile "m", zinazoonyesha nani katenda na nani katendwa. Kwenye Kiswahili nusu ya hadithi imejificha humo. Kidole hakikukunjwa hata kimoja, na bado kitabu kilikuwa kimemzidi.

Uliza maswali matatu: nani, kafanya nini, na kwa nini. Lile la kwa nini liwe na jibu ambalo halijaandikwa waziwazi. Usiulize maswali ya ndiyo au hapana, atabahatisha. Akikosa mawili kati ya hayo, shuka kwenye kitabu chepesi zaidi hata kama alisoma kwa mbio.

Hatua ya 4: Kagua ukurasa

Ukiwa dukani, usihesabu maneno tu. "Hawakutusikiliza" ni neno moja, lakini lina silabi nane na ujumbe wa sentensi nzima. Anayeanza apate zaidi maneno ya silabi mbili au tatu: kuku, embe, sabuni. Silabi mwambatano kama shw, ng'w na nyw ziwe chache kwa ukurasa. (Mbwa na nywele haviwasumbui sana, wanavijua tangu nyumbani.)

Herufi ziwe kubwa, neno lisikatwe mwisho wa mstari, sentensi isivuke kwenda ukurasa wa pili. Picha ikieleza kila kitu, izibe kwa kiganja uone kama bado anasoma.

Hatua ya 5: Anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, mpime mara mbili

Kiwango chake cha Kiingereza na cha Kiswahili si kimoja, na usidhani kimoja kinafuata kingine. Vitabu vya mtumba kutoka Uingereza au Marekani huwa na umri uliochapishwa kwenye jalada. Umri huo ni wa watoto wanaoongea Kiingereza nyumbani. Shuka chini. Mambo mengine nayo ni mageni: theluji watoto wetu wanaiona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mawingu yakiruhusu, lakini mtu wa theluji mwenye pua ya karoti itabidi umweleze.

Hatua ya 6: Azima kabla ya kununua

Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba za mkoa Moshi na Arusha. Mpeleke, achague mwenyewe, mpime palepale kwa hatua zilizotangulia. Mtandaoni kuna African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India. Zote zina hadithi za Kiswahili za bure zilizopangwa kwa viwango, na leseni yake inaruhusu kuchapisha. Toa kopi steshenari, pini mbili katikati, tayari una kitabu. Ila nyingi zimetafsiriwa, na sentensi iliyokuwa fupi kwenye lugha ya kwanza inaweza kurefuka ikifika kwetu, kwa hiyo namba ya kiwango ihakiki kwa hatua ya 4.

Hela ikiruhusu vitabu vitatu, kimoja kiwe chepesi cha kumpa raha, kimoja saizi yake, kimoja kizito cha kumsomea usiku. Rudia kipimo kila likizo, na umpime akiwa peke yake. Mdogo mtu akimpita mkubwa mbele ya wote sebuleni, yule mkubwa atakwepa vitabu mwaka mzima.