Kabla hujachomeka waya wa UPS, pima pini zake

Mama mwenye duka la dawa Mbagala aliniita niunganishe kompyuta yake kubwa na UPS, ile betri ya akiba, ili umeme ukikatika mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Nilikuwa na waya wa siriali wa kawaida, ule wa kupitisha taarifa, pini 9 huku na pini 9 kule. Ukaingia vizuri kabisa. UPS ikalia mara moja, ikazima, na kompyuta ikazima nayo, binti wa kaunta akiwa katikati ya kuingiza mzigo wa siku nzima. "Fundi, umetuzimia?" mama akauliza. Nilikuwa nimewazimia kweli, na binti yule akakaa mpaka saa mbili usiku akirudia ankara mojamoja.

Umbo la kichwa cha waya linakuambia kwamba utaingia, basi. Halikuambii kila pini imepelekwa wapi. Kwa hiyo siku hizi waya haugusi UPS kabla haujapita kwenye mita ya fundi (multimeter).

Anza na macho. Sehemu kama Kigamboni hewa ya chumvi inakula pini. Ukiona ukungu wa kijani, safisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, uache ukauke. Kisha chomoa waya pande zote mbili, weka mita kwenye alama ya mlio. Upande wenye matundu ncha ya mita haiingii, mimi huchomeka sindano ya kushonea halafu naigusa hiyo. Shika pini 2 ya upande wa kompyuta, pitia pini zote za upande wa pili, andika inapolia. Fanya hivyo kwa zote 9. Soma namba ndogo zilizochapwa kwenye plastiki, usihesabu kwa kukisia, maana upande wa matundu mpangilio umegeuka kama kwenye kioo. Na wakati mita inalia, pinda waya shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa. Mlio ukikatikakatika, nyuzi zimevunjika ndani.

Kwenye kompyuta, pini 2 inapokea, 3 inatuma, 5 ni ya chini (ground). Smart-UPS za kampuni ya APC zenye tundu la pini 9 zina mpangilio wao: 3 ya kompyuta inaenda 1 ya UPS, 2 inaenda 2, na 5 inaenda 9. Ukikuta 3 kwa 3 na 5 kwa 5, huo ni waya wa kawaida. Usiuchomeke hapo, hizo UPS zinaweza kuuona kama amri ya kuzima.

Waya ukifaulu, pima na tundu la kompyuta. Upande wa UPS ukiwa bado hewani, unganisha pini 1 na 2 za kichwa hicho kwa kipande cha waya mwembamba. Fungua PuTTY, au minicom kama unatumia Linux, ambazo ni programu za kuandika moja kwa moja kwenye tundu, zima udhibiti wa mtiririko (flow control), kisha andika chochote. Herufi zikirudi, tundu na waya vyote vinafanya kazi. Sasa ondoa kile kipande na uandike tena. Hapa wengi hudanganyika: herufi zikiendelea kuonekana, ni programu inayojionyesha yenyewe, wala hazijatoka nje ya kompyuta. Zisiporudi kabisa, pima volti kati ya pini 3 na 5 za kompyuta. Wakati hakuna kinachotumwa inatakiwa iwe hasi, mara nyingi kati ya -5 na -12. Ukipata sifuri, tundu limekufa au adapta yako ya USB, kama unaitumia, haijatambuliwa.

Ndipo UPS. Kwa mara ya kwanza kompyuta ichomekwe ukutani, na kwenye UPS weka taa tu. Zima NUT au apcupsd, zile programu za kusimamia UPS, maana programu mbili zikishika tundu moja zinaibiana majibu. Kwenye PuTTY au minicom weka kasi 2400, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kumalizia. Andika Y kubwa. Smart-UPS inajibu SM. Andika L kubwa, itakupa volti zinazoingia, ambazo kwetu ni karibu 230. Usijaribu herufi nyingine ovyo, zipo zinazoiamuru izime.

Mwisho washa NUT, chomoa plagi ya UPS ukutani, tazama hali ikibadilika kutoka OL (umeme wa ukutani) kwenda OB (betri). Isipobadilika, rudi kwenye pini.

Mbagala nilirudi kesho yake na waya sahihi na taa ya mezani. SM ilipotokea nilimwita mama aione mwenyewe, nikamsubiri binti ahifadhi kazi yake na kuzima mashine, ndipo nikahamisha plagi ya kompyuta kwenye UPS.